Kati ya Pankaj na Kizito, Nani Kocha?

Kama ulikuwa Kitale mwaka ule wa pili tangu Kenya ifike nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, basi unaujua ugonjwa uliotushika. Kila mtu alikuwa mtaalamu. Muuza mahindi wa Moi's Bridge ambaye hajagusa gongo la kriketi maisha yake yote alikuwa anakufundisha jinsi ya kurusha mpira ujipinde hewani. Na kila Jumapili jioni, mechi ikiisha, wapenzi wa mchezo walikaa kwenye veranda ya mkahawa wa Om Prakash, pembeni mwa uwanja, wakala bhajia na kubishania jambo moja tu: kati ya wachezaji wetu, nani akistaafu atakuwa kocha wa maana?

Jibu lilikuwa lile lile kila wiki. Pankaj.

Pankaj alikuwa na duka la vipuri karibu na stendi, na uwanjani ndiye aliyekuwa anafungua mchezo. Alikuwa anajua kusimama. Sisemi kupiga, nasema kusimama. Kiwiko juu, kichwa chini, mguu pale mguu unapotakiwa, anazuia mpira huu, anazuia na ule, na watazamaji wanapiga miayo mpaka machozi yanawatoka. Halafu siku moja moja anatolewa, anaingia Kizito Walubengo wa Bungoma, na uwanja mzima unaamka. Kizito hakuwa na habari ya kiwiko wala mguu. Mrushaji akija mbio, yeye anacheka. Kisha pa! Mpira umevuka ua, uko kwa shamba la watu, na wanawake waliokuwa wanapalilia wanapiga vigelegele ingawa hawajui sheria hata moja ya kriketi.

"Lakini Kizito kuwa kocha?" Om Prakash alikuwa anauliza kusudi, huku akigeuza bhajia. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mchezo upande wetu, na mwamuzi pia, mzee mwenye ndevu nyeupe na mdomo mkali.

"Atafundisha nini, bana? Kuchelewa mazoezi?" mmoja anadakia.

"Huyo alizaliwa nayo. Ukimwuliza amepigaje, atakwambia ameona mpira akaupiga!" Om Prakash anamalizia.

Veranda nzima inaangua kicheko. Na Pankaj, akiwa amekaa pembeni na kikombe chake cha chai, anasema kwa upole, "Wacheni bana, msimseme mwenzangu," na moyoni mwake ni asali tupu.

Maana, nikuambie ukweli, Pankaj alikuwa anamwonea Kizito gere la kufa mtu. Si la jana wala juzi. Tangu siku walipovaa nguo nyeupe za kriketi pamoja, mmoja akiwa anakesha kusoma vitabu vya mchezo na kufanya mazoezi mbele ya kioo, mwenzake akishuka kwa gari la mizigo kutoka Bungoma, amechelewa, hana hata viatu vyake, anaazima, anaingia, anawapiga watu mpaka wanalia. Vikombe vyote Kizito. Picha gazetini Kizito. Pankaj alikuwa anameza. Alijiambia, mwache ale chake sasa, changu kinakuja. Kwa sababu mwili unachoka, na siku mwili utakapochoka watu watamtafuta mwenye kichwa. Wenzake walishaanza kumwita Kochi hata kabla hajastaafu, na hata wateja dukani wakamwita hivyo. Jina hilo ndilo lililomwezesha kulala usingizi.

Haya. Miili ikachoka. Pankaj aliharibikiwa na magoti, Kizito akaharibikiwa na bega, na wote wawili wakaacha mchezo msimu mmoja. Muda si mrefu Om Prakash akatangaza kwamba upande wetu utakuwa na timu ya vijana, Kitale na Bungoma pamoja, na atateuliwa kocha mmoja atakayepelekwa Nairobi kusomea kazi hiyo vizuri. Pankaj hakungoja kuambiwa. Siku ile ile alinunua filimbi na kofia pana. Mke wake Shweta alimkuta chumbani ameivaa kofia, anajitazama upande huu na upande ule.

"Wamekuchagua tayari?" aliuliza.

"Kwani wako wangapi?"

Wako wawili. Om Prakash mwenyewe ndiye aliyemjia dukani kumwambia, na alisema huku anatazama nati kwenye sahani ya mizani, kama mtu asiyependa habari aliyoibeba. Kizito naye ameomba. Tena Kizito ana vijana huko Bungoma, amewafundisha tangu mwaka jana kwenye kiwanja cha shule ya msingi, na watu waliowaona wanasema wanacheza.

"Kizito?" Pankaj alicheka. "Mzee Om, si wewe mwenyewe ulikuwa unasema huyo hawezi kumfundisha mtu?"

"Nilisema. Na nimechoka na maneno. Utaandaa vijana wako wa Kitale, ataleta wake wa Bungoma, wacheze hapa kwetu. Timu itakayoshinda, kocha wake ndiye kocha."

Lo! Mtu amengoja kitu kimoja maisha yake yote, kisha anaambiwa akipiganie na yule yule aliyekwisha kumnyang'anya kila kitu kingine. Siku ile Pankaj aliwauzia watu vipuri visivyo vyao, na aliporudishiwa akawakaripia.

Jumamosi iliyofuata alipakia grisi na nati kwenye pikapu, akamwambia Shweta ana mteja Chwele. Mteja alikuwepo, kweli, lakini Pankaj alimshushia mzigo wake upesi upesi, akakataa hata chai, akaendelea mpaka Bungoma. Aliegesha mbali kidogo na ile shule, akajibanza nyuma ya ua wa michongoma. Mtu mzima, mwenye duka na heshima zake, anachungulia mazoezi ya watoto wa wenyewe!

Alichotarajia kuona ni fujo. Alitaka sana iwe fujo.

Aliona vijana wamejipanga mstari, kimya. Mmoja amesimama mbele ya vile vijiti vitatu anavyolinda mpigaji, bila gongo, na Kizito amesimama mbali kidogo na mipira ya tenisi miguuni. Wale wengine wakaanza kuimba. Pankaj alizaliwa Kitale, nyimbo zile alizijua. Ndizo zinazoimbwa Agosti ya mwaka wa tohara, vijana wa Kibukusu wanapozunguka vijijini na njuga mikononi kualika jamaa. Na Agosti iliyopita ilikuwa ya mwaka wenyewe. Vijana hawa karibu wote walikuwa wametoka kwenye kisu juzi juzi tu.

Kizito akavurumisha mpira kwa mkono wenye bega zima. Ukapita karibu na sikio la yule kijana, na kijana hakupepesa hata jicho.

"Ulisimama mbele ya kisu, wajomba wote wanakutazama," Kizito alisema. "Sasa mpira ni nini?"

"Si kitu!"

"Lakini kusimama tu haitoshi. Levi, huo ulipita wapi?"

"Kushoto, juu ya bega."

"Na mkono wangu ulikuwa wapi nilipouachilia?"

Levi akafikiri. Kizito akamngoja. Alingoja kwa muda mrefu, yule Kizito asiyeweza kungoja basi wala chakula, na kijana alipojibu, akampa gongo bila neno lingine. Mpira uliofuata ulikuja pale pale. Levi akarudi nyuma hatua ndogo, kiwiko juu, kichwa chini, akauweka chini polepole, umekufa. Ni kile kile alichokuwa anafanya Pankaj kila siku ya maisha yake, ila huyu alikuwa anakifanya kwa raha.

Kijiba cha roho kilimkaba Pankaj pale penye michongoma, nusura apige kelele. Kumbe anajua! Kumbe muda wote ule wa kucheka na kuchelewa, huyu mtu alikuwa anaona kila kitu, anakiweka, na sasa anakitoa. Kipaji cha kupiga alipewa, sawa. Sasa amepewa na hiki? Mungu hana watu wengine wa kuwapa?

Na kama hiyo haitoshi, Kizito akamwona.

"Pankaj! Ndugu yangu! Unafanya nini kwa miiba?" Akaja mbio, akamkumbatia, akamvuta hadi katikati ya kiwanja. "Vijana, mwangalieni huyu vizuri. Mimi nilisimama upande wa pili wa uwanja nikimtazama huyu akizuia mipira. Hayo yote ninayowaambia, niliyaona kwake. Msalimieni Kochi."

"Mulembe, Kochi!" vijana wakaitikia kwa sauti moja.

Pankaj alitabasamu kwa meno tu. Angetukanwa, angepona. Lakini kusifiwa na Kizito mbele ya watoto wa Kizito, kwa kazi ambayo Kizito anaifanya vizuri kuliko yeye, hilo lilimchoma mpaka kwenye mifupa. Aliendesha pikapu kurudi Kitale, vumbi la Kamukuywa linaingia dirishani, na hakulifunga. Alikuwa anasema peke yake kama mwehu, "Niliyaona kwake, ati! Niliyaona kwake!"

Jioni, mezani, Shweta aliiona hali yake.

"Wako vizuri, vijana wa Kizito?" aliuliza, maana mambo ya mteja wa Chwele hakuyaamini hata kidogo.

"Wanajua kusimama. Basi."

"Si hata wewe ulikuwa unajua kusimama?"

Hakumaanisha ubaya. Lakini Pankaj aliinuka na kuacha roti yake kwenye sahani.

Siku ya mechi watu walijaa. Wabungoma walikuja kwa malori, na Om Prakash alivaa koti lake jeupe la uamuzi lililopigwa pasi mpaka likakakamaa. Ukumbuke kwamba kwetu kriketi ilichezwa juu ya mkeka. Wale wa mataifa makubwa wana udongo uliosagwa na nyasi zilizokatwa kama nywele. Sisi tulikuwa na mkeka mrefu wa katani, unatandikwa katikati ya uwanja na kukazwa kwa misumari mikubwa pembeni. Mkeka ukilegea, mpira unaruka ovyo. Na tangu zamani mtu wa kuukaza alikuwa mmoja tu, Pankaj, kwa vile wengine wote walikuwa wavivu wa kuinama.

Vijana wa Kitale walianza kupiga. Walipiga kama walivyofundishwa na Pankaj, yaani kwa adabu na polepole, na walipomaliza walikuwa na mikimbio, yaani pointi, mia na kidogo. Si haba, si nyingi. Watu wakaenda kula chapati na dengu. Pankaj akachukua nyundo yake.

"Hata kula huli, Kochi?" Om Prakash alimwuliza.

"Nakaza mkeka kidogo. Umelegea upande ule."

Nani angemshuku? Alipiga magoti, yale magoti mabovu, akang'oa msumari mmoja, kisha wa pili. Mfukoni alikuwa na kipande cha mkanda wa mashine ya kusagia mahindi, urefu wa mkono, alichokikata dukani asubuhi. Alikisukuma chini ya mkeka, pale mpira wa kasi unapoangukia kabla ya kumfikia mpigaji, akagonga misumari yake, akasimama. Kwa juu huoni kitu. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa, na hilo lilimshangaza yeye mwenyewe.

Halafu akamwita Kibiwott, mrushaji wake mrefu wa kutoka upande wa Cherangany. "Utarusha kutoka upande wa ua. Unaona pale penye doa la majani? Angusha pale. Kila mara pale."

"Sawa, Kochi."

Bungoma walianza vizuri. Levi na mwenzake walikuwa wanakimbia, wanacheka, na malori yote yalikuwa yanaimba. Kisha Kibiwott akapewa mpira. Wa kwanza uliangukia mbali na doa, ukaenda salama. Wa pili ulianguka penyewe. Uliruka kutoka chini kama uliopigwa teke, ukampata Levi chini ya kwapa, na mlio wake ukasikika hadi kwenye veranda.

Levi hakupepesa jicho. Hakujishika hata ubavu. Alirudi mahali pake, akasimama, na uliofuata ukaruka tena, ukagusa ncha ya gongo, ukadakwa. Akatoka. Aliyemfuata akatoka. Na aliyemfuata huyo. Watu wa Kitale walikuwa wanaruka juu kwa furaha, na Pankaj alisimama kando ya mstari na filimbi yake shingoni, akisubiri kusikia utamu. Haukuja. Alikuwa anawatazama wale vijana wakiingia mmoja mmoja kusimama mbele ya kitu wasichokijua, hakuna anayerudi nyuma, na alichohisi ni wivu ule ule, umezidi. Vijana wake mwenyewe wangekimbia.

Ukafika wakati wa maji. Kizito ndiye aliyeyaleta, chupa mikononi. Alipokuwa anavuka mkeka, mguu wake ukasita. Akaurudisha, akakanyaga tena, taratibu, kama mtu anayepapasa giza. Kisha akainua macho, akamtazama Pankaj kutoka kule hadi huku.

Pankaj akajua amekwisha. Alingoja kelele. Alingoja Kizito amwite Om Prakash, wainue mkeka, watu wamwone.

Kizito akawapa wapigaji wake maji, akawaambia maneno machache, akatoka nje ya uwanja. Kuanzia hapo vijana wa Bungoma wakaanza kuacha mstari wao na kuufuata mpira mbele, wanaupiga kabla haujagusa lile doa. Lahaula! Malori yakafufuka. Walikimbia, walikimbia, wakakaribia, kila mtu amesimama, na mpigaji wa mwisho akatolewa ikiwa imebaki mikimbio inayohesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Kitale wameshinda. Watu wakambeba Pankaj juu juu. Kutoka huko juu alimwona Kizito ameinama kwenye mkeka, anawasaidia vijana kuukunja. Alipoteremshwa akakimbilia pale. Mkeka ulikuwa umeshakunjwa, na chini hapakuwa na kitu, udongo mtupu.

"Hongera, Kochi," Kizito alisema, akampa mkono. Hakucheka wala hakununa. Akapanda lori lake.

Sitakueleza jinsi Pankaj alivyoishi wiki zile. Simu ya dukani ikilia, anaruka. Om Prakash akipita barabarani, anajificha nyuma ya rafu. Lakini badala ya aibu ikaja barua ya uteuzi, baada yake safari ya Nairobi na cheti chenye muhuri, na kule kwenye veranda watu wakasema, "Si tulisema?" Alikuwa amepata. Kila alichokitaka alikuwa nacho mkononi, na akaanza kuamini kwamba pengine Kizito hakuona kitu, pengine kile kipande kilipotea tu majanini.

Ndipo ikafika siku ya kwenda Bungoma kuwachukua wale vijana, maana sasa walikuwa wake.

Alishuka kwenye pikapu na kofia yake pana. Vijana walikuwa wamekwisha kutandika mkeka, wamejipanga mstari. Kizito hakuonekana.

"Kochi Kizito yuko wapi?" aliuliza.

"Ameenda Naitiri," Levi alijibu. "Kuna shule huko wamempatia kiwanja. Ameanza na wadogo wadogo."

Hata hilo lilimuuma, usidhani halikumuuma. Kiwanja kipya, watoto wapya, na huko watakuwa wanaimba. Pankaj akakohoa, akaweka filimbi mdomoni. Lakini Levi alikuwa amepiga hatua mbele, na mikononi mwake, umeshikwa kwa mikono miwili kama mtu anavyompokeza mzee kitu, ulikuwa ule mkanda wa mashine ya kusagia. Ulikuwa umefutwa vumbi, safi kabisa.

Pankaj akaitoa filimbi mdomoni.

"Kochi Kizito alituambia yote," Levi alisema, na macho yake yalikuwa yanang'aa kwa heshima. "Ati uliiweka kwa sababu yetu. Ulitaka kuona kama tunaweza kusimama mbele ya kitu hatukijui. Alisema yeye alikuwa anatutupia mipira ya tenisi tu, lakini kocha wa kweli ni yule anaweza kufikiria kitu kama hiyo. Tangu siku hiyo tunaiweka chini ya mkeka kila mazoezi. Tumejifunza sana, Kochi."

Vijana wengine waliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyekuwa anamcheka. Pankaj aliwakagua uso baada ya uso akitafuta kicheko, na angeshukuru sana kukipata hata kimoja. Hata wizi wake! Hata huo Kizito ameuchukua, ameugeuza somo, na somo limeshika.

"Lakini sisi tunaweka kwa kubahatisha," Levi alisema, akamnyooshea mkanda. "Tuonyeshe wewe, Kochi. Inawekwa wapi?"